Mmoja Anaimba, Mwenzake Kasimama Tu: Mashabiki wa Pet Shop Boys Wanabishania Nini Hasa?

Taa zinazimwa, kelele zinapanda. Jukwaani kuna nguzo mbili za taa za barabarani, za aina ile unayoikuta kwenye mtaa wowote wa pembezoni mwa mji, na hapo wamesimama wanaume wawili waliofunika nyuso kwa barakoa za kung'aa zenye umbo la uma wa meno mawili, ule ambao mafundi hutumia kupatanisha sauti za vyombo. Mdundo unaingia. Mmoja anaanza kuimba kwa sauti nyembamba na tulivu, kama anayeongea na jirani. Mwenzake hasogei. Hachezi, hapungi mkono, hatabasamu. Na ukumbi mzima, maelfu ya watu ambao wengi wao wana mvi, unarukaruka.

Hiyo ni Dreamworld, shoo ya Pet Shop Boys, kundi la pop la watu wawili kutoka Uingereza, iliyorekodiwa Royal Arena mjini Copenhagen Julai 2023 na kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema mapema 2024. Nimeitazama mara nyingi, na kila nikiizungumzia na mashabiki wenzangu ubishi huzuka upya. Kuna wanaosema hiyo si laivu, ni kompyuta inayopiga na mzee mmoja anayeimba juu yake. Kuna wanaokubali ni laivu ila wanalalamika kwamba sasa wamekuwa watu wa kumbukumbu, wanapiga vibao vilevile vya miaka ya themanini. Halafu kuna wale wagumu, wa tangu enzi za kanda, wanaokwambia kama hukuwaona 1991 basi hujawaona, na kwamba ukitaka kujua thamani ya hawa watu achana na vibao, sikiliza nyimbo ambazo hazikufika popote kwenye chati.

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Lakini naona sehemu kubwa ya ubishi huu inatokana na kupima shoo zao kwa kipimo cha bendi, wakati wao hawakuwahi kuwa bendi. Ukilielewa hilo, mengi yanafunguka, hata lile la huyu bwana asiyesogea.

Kwa asiyewajua: anayeimba ni Neil Tennant, mzaliwa wa North Shields, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 1954. Wa kinanda ni Chris Lowe, mzaliwa wa Blackpool, 1959. Walikutana Agosti 1981 kwenye duka la vifaa vya umeme King's Road, London, wakaanza kuongea habari za muziki wa kucheza, na urafiki ukaanzia hapo. Lowe alikuwa anasomea usanifu wa majengo. Tennant alikuwa mwandishi, na muda si mrefu akaingia Smash Hits, jarida la muziki lililosomwa na vijana wa Uingereza nzima. Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka New York mwaka 1983 kumhoji mwanamuziki Sting, naye akaitumia safari hiyo kumtafuta Bobby Orlando, prodyuza wa muziki wa disko waliyemhusudu wote wawili. Wakarekodi naye. Toleo la kwanza la "West End Girls" likatoka 1984 na halikufika mbali nyumbani kwao. Wakaurekodi upya na Stephen Hague, na Januari 1986 ukashika namba moja Uingereza, Mei ukashika namba moja Marekani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Tennant aliingia kwenye pop akiwa ameshaitazama kwa miaka kutoka upande wa pili wa meza. Alijua namna nyota anavyotengenezwa, picha zinavyopangwa, nani anaimba kweli na nani anafungua tu mdomo. Alipopanda jukwaani hakuwa na sababu ya kujidanganya.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, laivu. Chukua huohuo "West End Girls". Unaanza na nyayo na magari, sauti zilizonaswa barabarani. Halafu besi, mashine ya ngoma, sauti kama za kwaya zinazotoka kwenye kinanda kilichonasa sampuli za sauti halisi. Hakuna gita linaloubeba, hakuna mtu aliyekaa nyuma ya ngoma. Karibu kila kitu kinaendeshwa na sikwensa, yaani kifaa kinachokumbuka ni noti gani ipigwe, saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani, kisha kinaviamuru vinanda vingine viipige. Fikiria mpangaji wa muziki aliyeandika maagizo ya bendi nzima kwenye daftari, akamkabidhi mpigaji asiyechoka, asiyelewa wala asiyekosea.

Muziki wa namna hiyo unaupandishaje jukwaani? Unaweza kuajiri wapigaji ili waige mashine. Mara nyingi matokeo yake ni wimbo uleule ukiwa mchovu. Unaweza kuipandisha jukwaani mashine yenyewe, ukaiachia ipige inachokijua, na watu wakaongeza sauti, vinanda na ngoma za mkono juu yake. Au unaweza kuweka rekodi nzima, sauti ya mwimbaji ikiwemo, na wote mkajifanya mnapiga. Hiyo ya mwisho ndiyo pleibeki, na kwetu neno hilo ni karibu na tusi. Msanii wa Bongo Fleva akipanda na CD yake huku akirukaruka bila kuimba nusu ya maneno, mtu aliyelelewa na muziki wa dansi, aliyezoea kuliona gita la solo likijibizana na la ridhimu na tarumbeta zikiingia kwa zamu, humwona tapeli. Na ana haki. Wimbo uliozaliwa kwa mikono ya watu wanane unataka mikono ya watu wanane.

Lakini wimbo uliozaliwa ndani ya mashine, chombo chake cha asili ni mashine. Pet Shop Boys wamekaa kwenye ile njia ya katikati kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Tennant huimba. Wasaidizi huimba, hupiga vinanda na ngoma. Sikwensa hushika uti wa mgongo. Kwa hiyo anayesema "kompyuta inapiga" hakukosea, ila amelitaja kama siri iliyofichuliwa, wakati wenyewe hawajawahi kulificha. Mwanzoni kabisa mwa umaarufu wao Tennant alisema hadharani kwamba anapenda kuthibitisha kuwa hawawezi kupiga laivu, kwa sababu wao ni kundi la pop, si la rock. Wakati ule, katikati ya miaka ya themanini, mwanamuziki wa Uingereza alipimwa kwa jasho. Kusema vile kulikuwa kuwachokoza wakubwa.

Tena haikuwa maneno tu. Walipanga ziara mwaka 1986 wakaifuta, kwa sababu walichokitaka kuonyesha kilikuwa na gharama kubwa mno. Wakawa na namba moja nne Uingereza, "West End Girls", "It's a Sin", "Always on My Mind" na "Heart", kabla hawajafanya ziara hata moja. Ukitaka kuelewa jambo hilo lilivyokuwa la ajabu, fikiria kundi linaloshika nchi nzima kwa miaka miwili na zaidi bila kupiga ukumbi mmoja wa kiingilio.

Walipotoka mwishowe, mwaka 1989, walianzia Hong Kong, wakaenda Japan, ndipo wakarudi Uingereza. Na aliyewaongoza alikuwa mtengenezaji wa filamu, Derek Jarman, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amewatengenezea video ya "It's a Sin", ile ya mahakama ya kidini na watawa wenye vinyongo. Kwa ziara hii alipiga filamu maalumu zilizoonyeshwa kwenye pazia kubwa nyuma yao, na wacheza shoo wakabadilisha mavazi wimbo hadi wimbo. Hapo ndipo msingi ulipowekwa: kila wimbo ni onyesho lenye picha yake, na wanaume hawa wawili ni wahusika ndani ya picha hiyo.

Mwaka 1991 wakaenda mbali zaidi, na hii ndiyo shoo ambayo wagumu wanaiapia. Waliiita Performance. Waongozaji wake, David Alden na David Fielding, walikuwa watu wa opera. Wapigaji muziki hawakuonekana kabisa, walifichwa. Jukwaani kulikuwa na vitanda vya bweni, wacheza shoo waliovaa vichwa vya nguruwe, makasisi, wanafunzi. Tennant hakuwasalimia watazamaji. Hakuna "habari zenu", hakuna "pigeni makofi". Mtu aliyekuja kusikia vibao alijikuta amekaa ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Wapo waliochukia. Kuna watu hadi leo wanasema ni usiku ulioharibu macho yao kwa shoo nyingine zote, na mimi niliyeiona kwenye kanda ya video tu nawaamini.

Baada ya hapo orodha ni ndefu nami sitaipitia yote. Mwaka 1997 walikaa kwenye ukumbi wa Savoy, London, usiku baada ya usiku kama watu wa tamthilia. Ziara ya 1999 jukwaa lao lilisanifiwa na Zaha Hadid, yule msanifu wa majengo aliyezaliwa Baghdad, miaka mitano kabla hajapewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo. Septemba 2004 walipiga bure Trafalgar Square pamoja na okestra kutoka Dresden, muziki mpya walioutunga kwa ajili ya filamu bubu ya Eisenstein ya 1925 kuhusu uasi wa mabaharia. Kuanzia 2006 mkono wa Es Devlin, mmoja wa wasanifu wa jukwaa wanaoheshimiwa sana Uingereza, ulionekana kwenye ziara moja baada ya nyingine. Ile ya 2009 ilikuwa na maboksi meupe yanayopangwa na kubomolewa, na watu wenye vichwa vya mchemraba.

Mara moja tu waliifuata njia ya kawaida. Mwaka 2002, walipotoa albamu yenye magita mengi, walizunguka vyuo vikuu vya Uingereza wakiwa na wapiga gita, jukwaa tupu, taa chache. Kwa kipimo cha wale wanaodai laivu halisi, hiyo ndiyo ingekuwa shoo yao bora. Sijawahi kukutana na shabiki anayeitaja ya kwanza.

Sasa Chris Lowe. Huyu ndiye anayewachanganya watu, na ndiye ninayempenda kumtazama. Kofia, miwani meusi, mikono juu ya kinanda, uso wa mtu anayesubiri basi. Asili yake ni televisheni. Kwenye vipindi vya muziki vya miaka ya themanini, Top of the Pops kikiwa mfano mkubwa, wasanii wengi walikuwa wanaigiza juu ya rekodi. Kila mtu alijua. Mpiga kinanda ambaye kinanda chake hakikuchomekwa popote alitikisa kichwa, akafumba macho, akajipinda kama aliyepandwa na pepo. Lowe hakufanya hivyo. Alisimama, akabonyeza kitufe kimoja pale ilipobidi, au asibonyeze. Watu wakasema amechoka, ana kiburi, hana kazi. Mimi naona alikuwa mtu pekee kwenye jukwaa lile asiyesema uongo.

Na ule utulivu una kazi nyingine. Nyimbo za Tennant zimejaa hisia nzito: wivu, majuto, tamaa ya pesa, upendo usiosemeka. Zikiimbwa na mtu anayelia na kugaagaa, zingezidi chumvi. Zikiimbwa na sauti ile isiyopanda, pembeni ya mtu aliyesimama kama nguzo, wewe msikilizaji ndiye unayebaki na kazi ya kuhisi. Ndiyo maana pia sauti ya Tennant haijamtupa. Alitimiza miaka 70 Julai 2024, na mwezi huohuo walipiga Royal Opera House, London, jumba la opera walilowahi kulijaza mwaka 2016 na 2018. Waimbaji waliojengea jina kwenye mayowe hufika umri huo wakiwa wanakwepa noti zao wenyewe. Yeye alianza kwa kuongea, anaendelea kuongea.

Upande wa pili wa ubishi ni urithi, na hapa watu huanza na takwimu. Nyimbo 22 kwenye kumi bora za Uingereza. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwataja kuwa kundi la watu wawili lililofanikiwa kuliko yote katika historia ya muziki wa Uingereza. Mwaka 2020 gazeti la Guardian lilipopanga nyimbo 100 bora kati ya zilizowahi kushika namba moja nchini humo, "West End Girls" ikawekwa ya kwanza. Sawa. Lakini takwimu hazielezi kwa nini mtu mzima analia kwenye shoo ya disko.

Tennant mwenyewe ndiye aliyewapa mashabiki msamiati wa kubishania jambo hili. Alitunga neno ambalo sasa wachambuzi wa pop wanalitumia kwa kila msanii: zama za himaya, yaani kile kipindi ambacho msanii anaonekana hawezi kukosea, kila anachokigusa kinageuka dhahabu. Kwa hesabu yake, za kwao zilikwisha mwaka 1988, pale "Domino Dancing" ilipoishia namba 7. Hebu fikiria: wimbo unafika namba saba na mwenyewe anasema basi, tumekwisha. Huyo ni mhariri wa jarida bado, anaisoma chati kama daktari anavyosoma kipimo.

Wanaopenda vibao hulishika neno hilo: kumbe mazuri yote ni ya kabla ya hapo. Na kweli yapo mazuri. Mwaka 1987 walimchukua Dusty Springfield, sauti kubwa ya miaka ya sitini ambayo tasnia ilikuwa imeisahau, wakaimba naye wimbo uliofika namba mbili Uingereza na namba mbili Marekani. Walimrudisha mtu kwenye kiti chake. Hilo peke yake lingetosha kukumbukwa nalo.

Ila wagumu nao wana hoja, na hoja yao ina jina: "Being Boring".

Ulitoka mwishoni mwa 1990, kwenye albamu ya Behaviour waliyoirekodi Munich na Harold Faltermeyer, prodyuza aliyekuwa na vinanda vya zamani vya analogi walivyovitaka wao. Ukafika namba 20 Uingereza, ukashuka. Kwa kundi lililozoea kumi bora hiyo ilikuwa aibu. Wimbo una beti tatu na kila ubeti una wakati wake: ujana na mialiko ya sherehe za zamani, kijana anayeondoka kwao na begi mgongoni miaka ya sabini, kisha sasa, miaka ya tisini, mtu mzima anayetazama nyuma na kuona kwamba baadhi ya waliokuwepo hawapo. Tennant alimwandikia rafiki yake wa ujana, wa tangu Newcastle, aliyefariki kwa UKIMWI. Neno UKIMWI halimo kwenye wimbo. Halihitajiki.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki miaka hiyo hatuhitaji kutafsiriwa hapo. Tanzania iliripoti wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1990 kulikuwa na nyumba ambazo kwenye picha ya harusi ungeweza kuweka kidole juu ya uso mmoja mmoja na kusema huyu, na huyu, na huyu. Mimi niliusikia wimbo huu kwa mara ya kwanza kwenye kanda ya mjomba, bila kuelewa nusu ya Kiingereza chake, na nilijua ni wimbo wa watu waliokosekana. Sauti ile isiyolia ilinifanyia hivyo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Walipoanza ziara ya 1991 hawakuuweka. Hesabu yao ilikuwa rahisi: haukufanya vizuri, nani atauliza? Walipofika Los Angeles akaja kuwatazama Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, kundi la rock lililokuwa likivuma kuliko mengine duniani wakati huo, mtu ambaye kwa mantiki ya mashabiki wa kila upande hakupaswa hata kuwepo ukumbini. Baada ya shoo akasikitika kwamba hawakupiga "Being Boring". Tennant amelisimulia jambo hili zaidi ya mara moja. Wimbo ukaingizwa kwenye shoo. Kwa hiyo msikilizaji ndiye aliyeurudisha, chati haikuwa na la kusema, na tangu hapo huu ndio wimbo ambao mashabiki wa zamani wanautumia kama kipimo cha ziara: umepigwa, haukupigwa.

Ni muhimu kusema pia kwamba Tennant hakuzungumza wazi kuwa yeye ni mpenzi wa jinsia moja hadi 1994, alipohojiwa na jarida moja la Uingereza. Waliokuwa wanasikiliza kwa makini walishajua, kwa sababu nyimbo zilikuwa zinasema kwa namna yake. "It's a Sin" imetokana na shule ya Kikatoliki aliyosoma Newcastle na hatia aliyofundishwa humo. Nimewahi kuona watu waliosoma seminari kwetu hapa wakiuimba kwa nguvu ambayo haikuwa ya disko tu.

Halafu kuna "Go West". Ukiniuliza ni wimbo upi unaoonyesha namna urithi wao unavyofanya kazi, nitakupa huu, ingawa hawakuutunga. Ulikuwa wa Village People, 1979, wimbo wa disko wa Marekani ulioahidi maisha ya uhuru upande wa magharibi. Mwaka 1992 Pet Shop Boys waliupiga kwenye hafla ya kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI katika klabu ya Haçienda, Manchester. Fikiria ahadi ile ya 1979 inavyosikika mbele ya watu waliotoka kuzika rafiki zao. Walipoutoa kama rekodi mwaka 1993, na kwaya ya wanaume nyuma yake, video yake ikajaa Moscow na nyota nyekundu. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umevunjika chini ya miaka miwili nyuma, na "magharibi" ikapata maana ya pili. Maneno karibu yaleyale, huzuni imeongezwa kwa namna ya kupanga sauti tu.

Wimbo haukuishia hapo. Ukafika viwanja vya mpira. Kama wewe ni shabiki wa Arsenal, na Dar, Nairobi na Kampala mko wengi, umeshauimba bila kujua: ule wimbo wa moja-bila unatumia sauti ya "Go West". Mashabiki wao waliubeba kwenye Kombe la Washindi barani Ulaya msimu wa 1993/94, na tarehe 4 Mei 1994 Arsenal ikaifunga Parma bao moja kwa bila kwenye fainali. Uwanja ulikuwa Parken, Copenhagen. Mji uleule ambako miaka 29 baadaye shoo ya Dreamworld ingepigwa picha, na watu wazima wangeinua mikono wote kwa pamoja kuuimba tena, kila mmoja na maana yake: mwingine anamkumbuka marehemu, mwingine goli.

Kwa hiyo lawama ya kwamba wamekuwa watu wa kumbukumbu naiona ina nusu ya ukweli. Dreamworld ilitangazwa wazi kuwa ziara yao ya kwanza ya vibao vikubwa. Ilipangwa kuanza 2020, UVIKO ukaisogeza, ikaanza Milan Mei 2022 na kuendelea miaka iliyofuata. Watu ambao kwa zaidi ya miaka thelathini walikataa kuwapa watazamaji wanachokitaka kirahisi, wakiwa wamevuka miaka sitini wakaamua kuwapa. Naelewa kwa nini aliyewaona 1991 anahisi amesalitiwa kidogo. Ila katikati ya ziara hiyo walitoa pia albamu mpya, Nonetheless, Aprili 2024, ikafika namba mbili Uingereza. Wanaoishi kwa kumbukumbu tu hawaingii studio.

Na ukiitazama shoo yenyewe kwa makini utaona hawakuacha mchezo wao. Zile nguzo za taa si pambo. "Suburbia", unaofungua, ni wimbo wa vijana wa pembezoni mwa mji wanaovunja vitu kwa kuchoka na maisha. Mwanzoni wapo wawili peke yao mbele ya skrini, kisha skrini inapanda na wasaidizi wao wa vinanda na ngoma wanaonekana nyuma, kana kwamba wanakujibu ulichokuwa unakiuliza kuhusu nani anapiga. Katikati ya shoo Lowe, bwana asiyesogea, anashika usukani wa sauti kwa "Paninaro", wimbo uliokuwa upande wa pili wa sahani ya "Suburbia" mwaka 1986, na ukumbi unapiga kelele kubwa kuliko zile zilizopigiwa nyimbo kadhaa zilizoshika namba moja. Anautamka bila kubadilisha uso.

Mwishoni wanatoka, watu wanaita, wanarudi. Wanapiga "West End Girls", na ungedhani hapo ndipo pa kufungia, wimbo ulioanzisha yote, ule ambao hata dereva wa teksi anaujua. Hawafungii hapo. Unaingia mlio mwembamba, kinanda kinapanda polepole, Tennant anasubiri kidogo kabla ya ubeti wa kwanza, na watu waliokuwa wanaruka wanatulia. Katika ziara iliyotangazwa kuwa ya vibao vikubwa, wimbo wa mwisho kabisa ni ule uliofika namba 20.